Mama Mizani Alikataa Kuahidi

Lori likiwa juu ya mizani, mpimaji haondoki chumbani. Kanuni hiyo ilibandikwa ukutani katika kile chumba kidogo cha vioo kwenye lango la kiwanda cha unga, na Mama Mizani aliishika kwa miaka kumi na saba. Aliishika akiwa mjamzito, akiwa na homa, na hata siku aliyoletewa habari za msiba wa kaka yake. Siku hiyo alimaliza kwanza kupima, ndipo akalia.

Aliivunja Jumanne moja asubuhi. Ng'ambo ya barabara kuta za mtaro wa bomba la maji zilibomoka na kumfukia mchimbaji mpaka kidevuni. Watu kama thelathini walikusanyika ukingoni. Wengine walipiga picha, wengine walibishana nani apige simu. Meneja alichungulia kutoka ghorofani, akafunga dirisha. Mama Mizani alichukua beleshi la kuzolea unga uliomwagika, akavuka, akashuka. Alipokuwa akivuka, dereva wa lori lililokuwa juu ya mizani alimwita, "Mama, unaniacha hapa niote mizizi?" Alimjibu bila kugeuka kwamba kama anaona anacheleweshwa, na yeye ashuke. Akashuka kweli. Walichimba wawili kwa nusu saa, wakamalizia kwa mikono walipofika kifuani, na yule mtu akatoka akiwa hai.

Mchana meneja alimwekea barua mezani: akiri kosa, aahidi hatarudia, atie sahihi, arudi kazini. Shemeji yake, fundi wa mashine hapo hapo kiwandani, alimsihi asaini yaishe, akisema wino haujamvunja mtu mfupa. Alimsikiliza, kisha akaisoma barua mara ya pili.

"Kanuni nimevunja, hilo naandika hata sasa," alimwambia meneja. "Kwamba sitarudia, siandiki. Nitarudia."

Meneja alimkumbusha kwamba hakuna sheria iliyomlazimisha kushuka mtaroni.

"Basi itungwe, bosi. Na siku ikitungwa, waanze na wale wa picha, halafu waje kwako uliyefunga dirisha."

Wapo wanaosema wema wa kulazimishwa si wema. Hawajawahi kufukiwa. Sheria kama hiyo haikuombi umpende aliye mtaroni. Inakudai beleshi, au kamba, au simu ya kuita msaada, na yeye hana haja ya kujua moyoni mwako mna nini. Tunamwadhibu aliyeacha mizani kwa nusu saa, kisha tunasema hatuna namna ya kumgusa anayetazama mwenzake akifa. Hilo ni la aibu, na ni sisi tulioliacha hivyo.

Barua ilibaki bila sahihi. Mama Mizani alipoteza kazi, akapoteza na nyumba ya kampuni alimolelea watoto wanne, na sasa anaishi katika chumba kimoja nyumbani kwa shemeji huyo huyo.