Mkono Alioniomba Mkwe Wangu

Nitakueleza kama yalivyokuwa, na ukitaka kucheka, cheka. Yalinipata mchana, jua likiwa juu ya utosi. Sikuwa nimefunga, sikuwa na homa, na mwenzangu alikuwa ubavuni mwangu akiyaona ninayoyaona. Mimi ni mtu wa kubeba mizigo. Habari za majini nilikuwa nikiwaachia wazee wa barazani na watoto wasiotaka kulala.

Nakaa Msambweni. Nina pikapu nzito, na kazi yangu ni kutoa saruji, mabati na matangi ya maji katika maduka ya Ukunda, kuwapelekea watu wanaojenga huko ndani, Kinango na mbele ya Kinango. Mwenzangu wa kazi alikuwa Ndoro, Mduruma wa Kinango, mtu wa makamo kama mimi, wa kanisani kila Jumapili. Mfuko wa saruji aliunyanyua kama mto wa kulalia.

Shida yetu ilikuwa mto mmoja mkavu, njia ya Ndavaya. Hauna daraja. Unashuka, unavuka mchanga, unapanda ng'ambo. Sasa sikiliza ajabu yake: kwenda, gari likiwa na mzigo wote, tulikuwa tukivuka. Ni kurudi, gari tupu, ndipo tulipokuwa tukikwama. Na kila mara lilititia upande mmoja, nyuma, kushoto, kana kwamba mtu ameweka tangi lililojaa kwenye pembe ile. Fundi alilala chini ya gari akakagua springi moja moja, akainuka akasema zote nzima. Nikasema basi ni matairi. Wewe ungesema nini?

Tukaenda kwa Mutua, mtu wa bara anayeuza matairi pale Ukunda. Wengi hudhani kuchagua tairi kubwa ni kutazama meno tu. Ndoro alidhani hivyo. Aliyashika marefu kuliko yote dukani, akasema hayo ndiyo.

"Hizo zitakwaruza madigadi ukikata kona, boss," Mutua akaniambia. "Zinapendeza kwa macho, lakini wewe ni mtu wa kazi."

Alinionyesha uzito ulioandikwa ubavuni mwa tairi, maana kwa gari la mizigo hilo ndilo la kwanza, urefu baadaye. Tukapatana juu ya aina moja pana, ngumu ubavuni, ya kwenda lami na vumbi, iliyozidi kidogo ile ya zamani kwa kimo. Ili isikwaruze, fundi wake aliongeza vipande vya chuma kwenye springi. Kisha Mutua akakata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, akapitisha vidole kati ya tairi na bodi. Akanionya kwamba kipima mwendo sasa kitanidanganya, nitakuwa nakwenda kasi kuliko kinavyosema, kwamba mafuta yatazidi, na kwamba spea nayo lazima ifanane na wenzake. Nilikubali yote. Gari lilipotoka pale lilikuwa limeinuka mpaka mke wangu, Riziki, alilizunguka akauliza, "Sasa mimi na dera langu nitapandaje?"

Safari ya kwanza tulimpelekea tangi na saruji mwalimu mmoja anayejenga mbele ya Ndavaya. Mto tuliuvuka kama tunavuka uwanja wa mpira. Tulishusha mzigo, tukapewa chai, tukageuza. Ndoro alikuwa amefurahi, akipiga dashibodi kwa kiganja, "Hili sasa ndilo gari."

Kabla ya kuteremka mtoni huwa nasimama juu ya mteremko niingize gia ya nguvu. Nilikuwa nikifanya hivyo kila safari, mahali pale pale. Siku hiyo niliposimama nilimwona mkwe wangu.

Alikuwa upande wa kushoto, karibu na mlango wa Ndoro, pasipo mti wala kivuli. Leso mbili za manjano, moja kiunoni, moja kichwani, zile zile anazokuja nazo kwangu. Kovu dogo chini ya jicho, pale pale lilipo. Watu wakinisikia husema labda ulimfananisha. Sikumfananisha mtu. Nilimwona Bi Mwanatumu, mama yake Riziki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, umefikaje huku?"

"Nilikuja mazishini. Walionileta wameniacha. Nipelekeni nyumbani."

Ndoro alimjua, alikwisha kula kwake mara nyingi. Akafungua mlango upesi, akasogea katikati ya kiti ampishe. Yule mama akasogea, akatazama kiti kilivyo juu, akaweka kiganja kimoja kwenye kizingiti cha mlango. Wa pili akaupitisha mbele ya Ndoro, akaninyooshea mimi.

"Gari limekuwa refu. Nishike mkono, mwanangu."

Hapo lazima nikueleze jambo. Kwetu mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Tangu nimuoe Riziki, Bi Mwanatumu hajawahi kunipa hata kikombe cha maji mkononi. Hukiweka juu ya kigoda, akageuka, nikakichukua. Haniiti mwanangu, huniita Baba Amina, kwa jina la binti yangu mkubwa, na akiniita huwa anatazama ukuta. Sasa amenikazia macho na mkono ameunyoosha.

Lakini fikiri. Mama mtu mzima, juani, mbali na kwao, ameachwa na watu wake. Huenda kiu imemtoa haya. Je, nimwache kwa sababu ameniita mwanangu? Ningemwambia nini mke wangu? Simu nilikwisha kuitazama, na pale hakuna mtandao.

Nikasema, "Ngoja mama, nikuwekee gogo ukanyage." Tunalo gogo la kuwekea jeki, ni ngazi nzuri tu.

"Sitaki gogo. Nataka mkono."

Ndoro aliniona nimebabaika, akataka kunitoa aibuni. Yeye si mkwe, hana la kuzuia. "Haya mama, njoo kwangu," akasema, akampa mkono wake wa kulia, akavuta.

Hakuinuka. Ndoro akajiweka sawa, akakanyaga dashibodi, akavuta tena. Nilimwona shingo imemtoka mishipa. "Mzito," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeulizwa swali asilojua jibu lake. Na hapo gari likaanza kulala. Taratibu, upande wa kushoto, kama tunapolipakia mchanga kwa beleshi. Kwenye kioo cha pembeni niliona tairi jipya la nyuma limebonyea, ubavu umefura. Mama mwembamba yule, ameshika kizingiti na mkono wa Ndoro, basi.

Hakuwa akimtazama Ndoro. Alikuwa akinitazama mimi, hana hasira, hana haraka.

"Zamani nilikuwa napanda mwenyewe," akasema. "Sasa mmeliinua."

Niamini, nilielewa papo hapo. Mkwe wangu hajawahi kupanda pikapu ile hata siku moja. Na pembe ile ya nyuma, kushoto, ndiyo iliyokuwa ikititia kila tulipoondoka pale tupu.

Nilimkamata Ndoro kiunoni kwa mkono wa kushoto, nikaachia breki. Mimi nilikuwa nasoma nilichokikumbuka katika Kurani, yeye akimwita Yesu kwa Kiduruma, gari moja, dua mbili. Sijui ni ipi iliyosikika. Gari likaanza kujishukia lenyewe mtoni, Ndoro akapiga ukelele, kisha akaniangukia mapajani na gari likanyooka kwa kishindo. Mlango ulikuwa ukipigapiga. Hakuanguka yule mama. Alibaki amesimama pale pale.

"Mkwe," nikamsikia, "unaniacha juani?"

Sauti ilikuwa ya Bi Mwanatumu kabisa. Mguu wangu uligusa breki. Kama Ndoro hangenipigia kelele, ningesimama, na leo sijui nani angekusimulia.

Wengine huniuliza kama nilimtazama miguu, ikiwa ni ya punda au ya mbuzi. Sikuitazama. Leso ilifika chini, nami nilikuwa na gari la kuendesha.

Mchanga tuliuvuka pasipo kutitia hata kidogo. Kinango nilisimama mbele ya hoteli ya chai, nikampigia Riziki.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa, anakuna nazi. Kwani vipi?"

Nikamwambia hakuna kitu, nilikuwa nauliza tu. Ndoro alikuwa ameshikilia kikombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka mezani umefunguka, akiutazama.

Usiku huo, kitandani, ndipo nilipopata hesabu iliyobaki. Kama yule alikuwa akipanda pale mtoni, alikuwa akishukia wapi? Gari langu halilali gereji. Hulala ubavuni mwa nyumba yangu, karibu na baraza la nyuma, na hapo ndipo mkwe wangu hukaa kila Ijumaa akija kuwaona wajukuu. Hukaa na leso zake za manjano, akawasuka nywele, akazungumza mpaka alasiri. Mtu aliyekaa nyuma ya pikapu angemwona vizuri, na angepata wakati wa kutosha kumsoma uso. Nilitoka nikaliwasha gari, nikalipeleka mbele, barabarani. Tangu siku hiyo hulala huko, mwizi na alichukue akitaka.

Riziki nilimwambia, naye hakuweza kumficha mamake. Ijumaa iliyofuata Bi Mwanatumu alikuja kama kawaida. Mimi nilikuwa ndani, mlango wazi, yeye barazani amenipa mgongo. Hasemi nami moja kwa moja mambo mazito. Hupitia kwa binti yake, hata tukiwa tunasikiana.

"Muulize Baba Amina," akasema, "aliniacha?"

Riziki akanigeukia. "Mama auliza, ulimwacha?"

"Mwambie mama, nilimwacha yule."

Nilisikia kitana kikipita katika nywele za Amina.

"Muulize. Kama ningekuwa ni mimi?"

Swali hilo Riziki hakulipitisha. Alitazama chini, akaingia jikoni kama ana chungu motoni, na motoni hapakuwa na kitu. Nami, kwa kuwa sikuulizwa kwa adabu ya kuulizwa, sikujibu. Bi Mwanatumu akamaliza kusuka, akajifunga leso, akaaga. Anakuja bado, na heshima zetu ziko vile vile, kikombe juu ya kigoda. Ila siku hizi haji na zile leso za manjano. Riziki aniambia alizitoa sadaka.

Ndoro ndiye aliyeumia. Vidole vyake vya kulia havikunjiki. Daktari alimpiga picha, akasema mifupa ni mizima na mishipa haina kasoro. Alikwenda kuombewa kanisani. Mamake naye alimpeleka kwa mganga kisirisiri, na mganga akamtazama kiganja akamrudishia kuku wake. Mizigo hawezi tena. Anauza maji kwa mitungi pale Kinango, na mitungi wanajibebea wateja. Kazi si kitu, mtu hupata nyingine. Linaloniuma ni chakula. Anakula kwa mkono wa kushoto, na kwa kuona haya mbele za watu, kwenye arusi na kwenye matanga huomba sahani yake akaenda kula peke yake nyuma ya nyumba. Nikienda Kinango hukaa naye huko nyuma. Hajanilaumu hata siku moja. Aliniuliza mara moja tu kama mkwe wangu hajambo.

Njia ya Ndavaya nimeiacha. Matairi yako bado, yamekula lami na vumbi na hayajanipa shida, na watu wa kupakia hunilalamikia kila siku kwamba gari liko juu mno, nilishushe kidogo wapakie kwa raha. Silishushi.

Basi wewe uliyenisikiliza, na una gari au huna, shika hili. Mtu wako akikuomba jambo ambalo hajawahi kukuomba, mahali ambapo hana sababu ya kuwepo, usimwachie mwenzako akupokelee kwa kuwa wewe unaona haya. Kataa mwenyewe, kwa mdomo wako, upesi, hata kama aliyesimama hapo ana uso wa mama.