Umeme Niliosingiziwa

Nilipokuwa darasa la tano, mtaa wetu wote pale Same ulijua kwamba mwili wangu una umeme. Si ule wa kusifiwa, wa mtoto mchangamfu. Umeme hasa, wa nguzo na nyaya, wa kuua kompyuta nikiwa nimesimama tu mlangoni. Na hakuna aliyeamini jambo hilo kuliko mimi mwenyewe. Asubuhi nilinusa viganja vyangu kama vina harufu ya waya ulioungua, na naapa kuna siku niliisikia. Mbuzi akiruka nikipita, nilijua ni mimi. Balbu ya jikoni ikiungua, mimi. Umeme ukikatika mji mzima, nilijikunyata nyuma ya nyumba nikiomba wasije kunikamata.

Chanzo kilikuwa kompyuta ya kaka yangu Mbonea. Alirudi kutoka Moshi, alikokuwa akifanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, akiwa na begi la vipande vilivyoviringishwa kwenye nguo: mazabodi, prosesa, ramu, feni ndogo na waya za kutosha kufunga ng'ombe wote wa Kisiwani. Alitaka kuiunda mwenyewe, iwe ya kwanza katika ukoo wetu tangu dunia iumbwe, kisha afungue kibanda cha kuchapa barua karibu na stendi. Kasha alilonunua lilikuwa dogo mno. Ungedhani limetengenezwa kuwekea viatu vya mtoto wa chekechea. Alivisukumiza vipande vyote humo, akabana mfuniko kwa goti, akaliweka sebuleni juu ya meza ndogo. Mama akalivisha. Nyumbani kwetu hakuna kitu kilichoachwa bila kitambaa cha kufuma: redio ilikuwa na chake, makochi vyake, hata jagi la maji lilikuwa na kofia yenye shanga. "Kitu cha maana kama hiki kikae uchi kama kuku aliyenyonyolewa?" Mama aliuliza. Alifuma kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kikafunika kasha lote mpaka mezani, nyuma na mbele. Kaka akitaka kuwasha, alikuwa anainua pembe moja kwa adabu, anabonyeza, anaishusha. Tulikiona kizuri sana.

Asubuhi kompyuta iliwaka vizuri, skrini ikang'aa, na majirani wakaja kutazama kama wanaotazama bibi harusi. Lakini jua likipanda, inajizima. Fyuu, skrini nyeusi. Mtu asiyeijua Same adhuhuri ya kiangazi hawezi kuelewa ninachosema: upepo unaotoka tambarare unakuja umeshapikwa, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno, na ndala ukiziacha nje unazikuta zimejikunja kama chapati. Kaka aliitengeneza siku hadi siku. Alichomoa ramu akaisugua kwa kifutio changu cha shule, akairudisha. Alibadilisha waya wa ukutani. Alikopa stabilaiza ya kutuliza umeme kwa jirani. Aliipigapiga ubavuni kama anayemwamsha mlevi. Inawaka, inakaa kidogo, inajizima. Na mimi, kwa bahati yangu mbaya, nilikuwa natoka shule saa hizohizo za jua kali. Naingia mlangoni na begi mgongoni, nasema "shikamooni," na kabla hawajaitikia marahaba, kompyuta imekufa.

Baba mdogo ndiye aliyeunganisha mambo. Huyu alikuwa mdogo wake baba, mtu mwenye jibu la kila swali hata ambalo halijaulizwa, na kiti chake pale sebuleni hakikuwahi kupoa. Siku moja Kaka alimweleza kwamba kabla ya kugusa vipande vya kompyuta ni lazima ushike chuma kwanza, kwa sababu mwili wa binadamu hubeba umeme kidogo. Baba mdogo akanigeukia taratibu, kama askari aliyempata mwizi. "Huyu si alizaliwa siku ile radi ilipopiga mnazi wa shule?" Mama akasema ndiyo, ilikuwa siku hiyo. "Basi," akasema, "mna transfoma ndani ya nyumba, mnahangaika na ramu!" Wakacheka. Na Kaka alicheka, lakini nilimwona anasogeza meza mbali nami.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na jina tena. "Transfoma!" walinipigia kelele wenzangu njiani. "Shika simu ya bibi ijae chaji!" Mwingine ananigusa bega kwa kidole, anaanguka chini, anatetemeka mavumbini, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mimi ni mtu wa utani, kwa hiyo mwanzoni nilicheka nao. Lakini nyumbani haukuwa utani. Niliwekewa mpaka: mstari wa mkaa sakafuni, pembeni mwa mlango wa sebule, nisiuvuke kompyuta ikiwa imewashwa. Chakula nilipewa uani. Nilikuwa nala makande nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nasikia ndani wanacheka na picha zinazopita kwenye skrini, mimi nikihesabiwa pamoja na kuku. Nikiandika haya hasira inanipanda mpaka masikio yanawaka, na nadhani ningeweza kweli kuwasha balbu sasa hivi.

Kilichonimaliza ni safari ya Suji. Bibi, mama yake Mama, aliyeishi huko, alitaka kuiona kompyuta kabla hajafa, ingawa alikuwa na afya kuliko sisi sote na mpaka leo anapanda mteremko wa shambani akiimba. Wakaifunga kwenye blanketi, wakapanda nayo mlimani, mimi nikaachwa Same kwa jirani ili nisiharibu sherehe. Kitambaa kilibaki kwenye kamba, kimefuliwa. Waliporudi, walikuwa wanang'aa. Kule juu kwenye baridi na ukungu, kompyuta iliwaka tangu chai ya asubuhi mpaka kuku walipoingia bandani, haikuzima hata mara moja. Ndugu walipanga foleni kuandika majina yao. Bibi aliandika jina lake kwa kidole kimoja akalia. "Mmeona?" Baba mdogo alisema, akinitazama mimi na si wao. "Kule hakuwepo."

Siku ya pili ikarudi mezani, kitambaa safi juu yake, nikatoka shule, ikazima. Hapakuwa na kesi tena. Kaka alikuwa ameshalipia kibanda cha stendi na alikuwa hajachapa hata barua moja. Ndugu wakubwa wakaketi sebuleni, mimi nikiwa uani kwenye ndoo yangu, na kwa sauti ambayo hawakujisumbua kuishusha wakaamua niende kwa shangazi, kijijini Bendera, "mpaka kazi ya Mbonea ikae sawa." Mama alitoka, akaanza kukunja nguo zangu. Nikamwambia, "Mama, mimi sijaigusa." Akasema, "Najua hujaigusa, mwanangu. Si kosa lako. Ndivyo ulivyo." Nimetukanwa sana maishani, hasa nilipokuwa nauza maji ya chupa kwenye madirisha ya mabasi, lakini halijawahi kutoka tusi kubwa kuliko lile neno la upole.

Bendera nilifika katikati ya muhula. Shangazi alinipenda, alinilisha wali mpaka shati likagoma kufunga, lakini alikuwa ameshaambiwa. Redio yake ilihamia juu ya kabati. Mimi mwenyewe nilijilinda: tochi niliwasha nimeishika kwa upindo wa kanga yake, na mashine ya kusaga ya kijijini niliizungukia mbali, nikiogopa nikiisimamisha wakulima watanipiga. Kila gari lililotoka upande wa Same nililitazama kama limekuja kunichukua. Nilijiambia kompyuta sasa inafanya kazi, Kaka anachapa barua, na hiyo ilikuwa faraja yangu ya ajabu: kwamba kuondoka kwangu kumesaidia. Mahindi yakavunwa, yakapandwa mengine. Sikuitwa. Nikamalizia shule ya msingi hukohuko. Sekondari tulipogawanywa kwa masomo, somo la kompyuta nililikimbia kama anayekimbia nyuki, na masomo mengine yakanikimbia mimi. Cheti changu nilikipata ukubwani, kwenye shule ya usiku, nikiwa mwanafunzi mwenye ndevu, na siku mwalimu alipotuambia tuwashe mashine nilifumba macho, nikabonyeza. Ikawaka. Nilingoja izime. Haikuzima. Darasa zima liliondoka, mimi bado nimeshika kipanya.

Siku hizi Same vibanda vya kuchapa ni vingi kuliko vichuguu. Watoto wa darasa la tano wanashika simu za wazazi wao wanafungua mambo ambayo hata Baba mdogo hana majibu yake, na hakuna anayeulizwa alizaliwa siku gani. Ninapowatazama sijui kama nacheka au nasaga meno. Mimi pia nina laptopu yangu ya kazi. Juzijuzi nilienda nayo nyumbani, nikaiweka wazi kwenye meza ileile ndogo, nikatoka kunawa. Niliporudi, Mama alikuwa ameshaifunika. Kitambaa kilekile cheupe, kimegeuka rangi ya chai, maua bado pembeni. Kaka Mbonea, ambaye sasa ana kitambi na kibanda chenye mlango wa kioo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba mdogo akinywa chai ya tangawizi. Akasema bila hata kugeuza kichwa, "Mama, toa hicho kitambaa, utaiua kama ulivyoua ile yangu ya kwanza."

Nikamuuliza ipi ya kwanza. Akasema ile ya kasha dogo, kwani nimesahau? Siku kitambaa kilipotolewa na mfuniko ukaachwa wazi, haikuzima tena. Alisema kama mtu anayesimulia habari za mvua. Nikauliza mbona basi hawakunirudisha. Kaka akatazama chai yake. "Ulikuwa umeshazoea kule, bwana mdogo." Nilimgeukia Mama. Alikuwa anakikunja kitambaa, kona kwa kona, kama alivyokunja nguo zangu siku ile.

"Hukuwa na umeme wowote, mwanangu," akasema. "Ilikuwa inajizima kwa joto. Hata ulipokuwa Bendera, iliendelea kujizima."