Maji ya Mama wa Usipa

Nilikuwa na miaka tisa mwaka bei ya kahawa ilipoanguka huku Maguu. Baba aliwarudisha vibarua makwao, duka la jirani likafungwa, na shule yangu ikaishia hapo.

Kila nikisikia harufu ya usipa, dagaa wetu wa ziwani, namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akipanda mlima na tenga toka Liuli kule ziwani kuja kutuuzia. Msimu ule alipiga hodi kwetu. Mama yangu aliona aibu kwamba hatuna cha kununulia, akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka majivu.

"Dada, naona moshi jikoni," yule mama akasema kutoka nje. "Au mnajipikia wenyewe?"

Kiganja cha mama kikanibana zaidi.

"Basi usinunue. Kijiji kizima hakuna aliyenunua. Nipe maji tu ninywe, nirudi."

Mtungi ulikuwa umejaa, karibu na goti langu. Mama hakuinuka, nami sikukiondoa kile kiganja. Tulimsikia akijitwisha tenga lake, akashuka. Hakuja tena.

Sikusoma, lakini leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, ekari sita za kahawa, mashine ya kukoboa na bomba la maji. Bomba nililiweka nje ya uzio, pale njia inapopita.