Mtungi wa Masera Gaudensia

Safari hii niliifanya kwa sababu nilitaka kuoa, na mchumba wangu alikuwa kwenye matanga ya mtawa.

Nieleze vizuri, maana wajukuu wangu wakisikia hivyo wanacheka kabla sijafika mbali. Ilikuwa miaka ile ya Wabelgiji, miaka hamsini na kitu, pamba bado inalimwa bonde zima la Ruzizi. Nilikuwa kijana wa Luvungi, nina shamba la muhogo na miguu mizuri, ila shule niliiona kwa nje tu, nikipita. Mchumba wangu Anjelina alikuwa amesoma Uvira kwa masera, ndivyo tunavyowaita watawa wa kike. Aliyemfundisha alikuwa Masera Gaudensia, Mzungu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Aliwafundisha wasichana kusoma, kuandika na kushona, na kwa yote hayo alikuwa na neno moja: "Musitari umepinda. Rudia." Ukishona, mstari umepinda. Ukiandika, umepinda. Wasichana wakienda kuteka maji, anachungulia dirishani, mstari umepinda, wanarudi mlangoni kuanza upya. Alifuga mabata pia, na watu walisema aliyafuga kwa mfano tu, kwa kuwa bata hutembea kwa mstari bila kupigiwa kelele. Mabata hayamo katika safari hii, lakini nisingeweza kuyaacha.

Basi Masera akafa kwa homa, wakati wa mvua. Watawa wenzake wakamzika, wakasali, wakamaliza. Sisi Warundi wa bondeni hatumalizi hivyo. Kwetu kuna siku ya kuganduka, yaani kuondoa matanga: pombe ya mtama inapikwa, jamaa wanaketi, mtoto wa kwanza wa marehemu anavuta mrija wa kwanza, kisha watu wanarudi kwenye maisha yao. Kabla ya siku hiyo hakuna arusi katika jamaa ile.

"Masera aliniita mutoto wake," Anjelina akasema. "Matanga yake haijaondolewa. Siolewi."

Baba yake, mzee Balitazari, akaacha ugali wake. "Mutoto wa nani? Minye niko hapa, nakula bukari, na weye unajiita yatima?"

"Baba, weye uko baba. Yeye alikuwa mama wa masomo."

"Na huyu mama yako iko jikoni?"

"Huyu hajakufa."

Mzee akanigeukia. "Mukwe, huyu utamuweza?"

Nikasema nitamweza. Nilikuwa kijana, nimeshasema.

Ikaamuliwa twende Uvira, tukaondoe matanga pamoja na masera wenyewe, ndipo arusi ifuate. Mama yake akapika pombe mtungi mzima, akaniambia, "Hii ikichelewa inakuwa siki. Na kwa siki hakuna muntu anaondoa matanga."

Asubuhi ya kuondoka tulipanda kamyo ya pamba, juu ya magunia. Mimi upande huu, Anjelina upande ule, na katikati yetu shangazi yake Feliesta, ambaye alitumwa kuketi katikati na aliijua kazi yake. Nikisogea kidogo, yeye anapanuka. Mtungi niliupakata kama mtoto mchanga. Pombe ya mtama ikiwa changa iko hai. Ukiifunga mdomo inapasua mtungi, ukiiacha wazi inakutapikia. Kila shimo la barabara lilinimwagia povu magotini, na kwa mashimo barabara ile haikuwa na uchoyo.

Dereva alisimama kutia maji mashine, akasikia mtungi unachemka juu.

"Huo mutungi unalia nini?"

"Iko ya matanga," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya masera wa Uvira."

Akafunga rejeta polepole. "Masera wanakunywa?"

"Bado hatujajua," shangazi Feliesta akamjibu. "Endesha."

Sange tulifika jua likiwa kichwani, na kamyo ikabaki pale kungoja magunia mengine. Tukaenda kwa dada yangu Skola, aliyeolewa huko. Alitupa bukari na ndagala, samaki wadogo wa ziwani, akatukatia jani la mgomba la kufunika mtungi kwa kulegeza, na akauliza swali ambalo hakuna mtu Luvungi aliyeliuliza.

"Na mutoto wa kwanza wa masera ni nani?"

Tukatazamana.

"Mulibeba mutungi kutoka Luvungi," dada akasema, "na hamujui nani anavuta murija?"

"Ni minye," Anjelina akasema, lakini si kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Weye ulianza masomo juzi. Kuna wanawake walisoma pale wako na wajukuu sasa. Watakukubali?"

Tulipopanda tena kamyo, Anjelina alihesabu kwa vidole wanawake waliosoma kabla yake. Mimi nilihesabu kichwani: mrija usipovutwa, matanga hayaondoki, matanga yasipoondoka, simwoi, na mtungi unaendelea kuchacha mikononi mwangu. Baada ya Kiliba ziwa lilitokea upande wa kushoto, kubwa, limelala kama halina habari. Watu wa Luvungi tukiliona Tanganyika mara ya kwanza huwa tunasema kitu. Mimi nilisema, "Funikeni mtungi, povu linatoka."

Uvira tulishuka sokoni, tukapanda kwa miguu hadi misioni. Nilikuwa nimejipangia maneno ya kuwaeleza masera desturi yetu tangu mwanzo. Sikuyahitaji. Mbele ya lango la misioni walikuwa wamekaa wanawake kwenye mikeka, na kila kundi lina mtungi wake. Wanawake wa Nyakabere walikuwepo. Wa Kalundu walikuwepo. Hakuna aliyemwita mwenzake. Msimu wa mtama ulikuwa umefika na kila mmoja alijiona ndiye mtoto pekee aliyekumbuka. Pembeni ya mitungi waliketi waume na wachumba, wamelowa magoti kama mimi. Mmoja akanisogezea nafasi. "Karibu, ndugu. Weye pia unangoja kuoa?"

Ugomvi ulikuwa umeshaanza. Katikati alisimama mama mmoja wa Uvira mjini, Zaina, mke wa mfanyabiashara Mwislamu, amejitanda vizuri, na aliyekuwa akibishana naye ni mwanamke mnene wa Kalundu.

"Murija wa kwanza ni wangu," Zaina anasema. "Alinifundisha kushona wakati weye uko unanyonya."

"Lakini weye haukunywaka pombe!"

"Sitakunywa. Nitashika murija. Heshima iko kwa kushika."

"Kushika bila kuvuta, marehemu atajua namna gani?"

Anjelina wangu akaingia naye. "Aliniita mutoto wake, mbele ya kalasi yote."

"Hata minye aliniita," akasema wa Nyakabere. "Siku gani hakutuita? Alikuwa anataka tuchote maji."

Ikawa kelele moja. Mlango wa watawa ukafunguka, akatoka Mamere, mkubwa wa masera wote pale, Mzungu mrefu mwembamba, uso mkavu. Alitazama mitungi. Akatazama magoti yetu.

"Hapa si kilabu," akasema. "Masera Gaudensia tulishamuzika, tukamusalia. Hana mutoto, hana jamaa hapa. Pombe haiingie. Murudi kwenu."

Wanawake wakaanza kukunja mikeka. Na mimi nikaona arusi yangu inateremka mlima ule, inaenda ziwani.

Ni shangazi Feliesta aliyesema. Alikuwa hajasoma hata herufi, kazi yake ilikuwa kuketi katikati, lakini udadisi alikuwa nao. "Mamere, samahani. Hii Kiswahili unatufukuza nayo, nani alikufundisha?"

Mamere akaachia kitasa cha mlango. "Ni yeye."

"Wakati gani?"

"Wakati nilifika. Masomo ilikuwa haijajengwa. Alikuwa na chumba kimoja na kipande cha ubao, na mwanafunzi hakuna. Minye peke yangu." Akatazama chini. "Kila siku aliniambia musitari wangu umepinda."

Zaina akageuka kwa wa Kalundu, wa Kalundu kwa Anjelina. Sijawahi kuona ugomvi wa wanawake ukiisha haraka namna ile. Zaina akakunjua mkeka wake mwenyewe, ule mzuri, akautandika katikati.

"Yaya," akamwambia Mamere, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "ukae. Tunakungoja weye."

Mamere akatazama mkeka, akatazama mlango. Kisha akakusanya kanzu yake, akaketi, miguu ameinyoosha mbele kama mke wa nyumbani. Niliukimbiza mtungi wetu kabla ya wengine, nikatia mrija. Akavuta. Akakunja uso, akavuta tena, na mara ya pili hakukunja. Halafu akalia, na wao wakalia, na baada ya hapo wakaanza kumwiga marehemu mmoja mmoja, kila mtu na "musitari umepinda" yake, hadi masera wadogo wakatoka kuja kucheka. Matanga yakaondoka.

Mimi nikajipangusa magoti, nikaona kazi imekwisha. Nikasogea kumuaga Mamere, nikamwambia kwa furaha kwamba sasa namwoa Anjelina.

"Ah," akasema. "Ni minye yaya wake?"

"Ndiyo, Mamere."

"Na kwenu yaya anaulizwa, mudogo wake akiolewa?"

Nikatafuta msaada kwa shangazi Feliesta. Shangazi alikuwa anatazama ziwa.

"Anaulizwa," nikasema.

"Basi niulize vizuri. Unajua kuandika jina yako?"

Sikujua. Akasema Masera Gaudensia asingempa mtoto wake mwanamume wa kutia sahihi kwa kidole gumba, na yeye hatampa. Wakati wa mavuno ya mpunga angepita Luvungi akienda Bukavu, na angetazama.

Kurudi tulirudi na kamyo ileile, mtungi mtupu. Katikati ya magunia shangazi Feliesta alihama, akaketi pembeni, kwa sababu masomo, alisema, ni kitu kingine. Anjelina alinifundisha herufi kwenye vumbi la magunia kwa kidole. B ya Bonifasi ilinitoa jasho kutoka Kiliba hadi Sange. Nyumbani tuliendelea uani kwa mzee Balitazari, mkaa na kipande cha ubao, mzee akipita na kusema, "Mukwe, ulisema utamuweza."

Mpunga ukavunwa. Gari la misioni likasimama Luvungi, Mamere akashuka, nasi tulikuwa na pombe changa ya arusi, maana mama yake Anjelina ni mtu wa matumaini. Nikaleta ubao. Nikaandika BONIFASI mbele ya watu wote, herufi zinarukaruka kama niko juu ya magunia.

Mamere akatazama kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

"Musitari umepinda," akasema.

Wanawake wakashika midomo. Mimi nikachukua kitambaa, nikafuta, nikaanza tena B. Nilipoinua kichwa, yaya alikuwa amekwisha kuketi, miguu ameinyoosha, na mrija uko mkononi.