Siku ya Kuosha Mlingoti kwa Maziwa

Hapana, mimi sijawa Kalasinga, na hakuna mtu alinibadilisha dini. Naona mnataka kuuliza, sababu tangu asubuhi nimefunga kitambaa kichwani, nakaa nasimama, naenda mlangoni narudi. Siendi mahali. Ni huu mwezi wa nne tu. Ukiingia, miguu yangu inakataa kiti.

Sisi watoto wa nyumba za reli, kule Makadara, mwaka tuliujua kwa kanisa ya Makalasinga. Ndiyo tulivyoiita, kanisa, na wao hawakukasirika. Mwezi wa nne wanashusha ule mlingoti mrefu wa bendera, wanauvua kitambaa cha mwaka jana kilichopauka, wanauosha kwa maziwa, halafu wanauvalisha kipya, rangi ya machungwa. Maziwa! Jirani yetu alikuwa anashika kiuno: "Yesu wangu! Mti unaoga maziwa na mimi chai yangu ni ya rangi!" Lakini harufu ya vitunguu ikitoka jikoni kwao, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kutoa viatu.

Mwezi wa sita, baridi ya Nairobi inakata masikio, wao wanasimama kando ya barabara na ndoo za maziwa ya sukari, ya waridi, yana barafu ndani, wanapatia kila mtu anayepita. Wanamkumbuka guru wao aliyeteswa kwa moto. Kwao India huo ni mwezi wa jua kali. Hapa kwetu tulikunywa meno yakigongana ka-ka-ka, na tukarudi tena kwa laini na midomo ya waridi tukiapa hatujakunywa. Mwezi wa kumi na moja, alfajiri, wanapita wakiimba na ngoma, ni kuzaliwa kwa Guru Nanak, na sisi tushatoroka kitandani tunawafuata kwa matope bila kujua neno hata moja.

Mlangoni kulikuwa na mzee wa kilemba cha buluu, sauti kama honi ya treni. "Wewe toto! Kichwa iko wazi kama sufuria! Funika!" Ukiwa huna kitambaa, unavua sweta unaifunga kichwani. Halua nayo ilikuja moto, samli inateremka mpaka kwa kiwiko. Ukinyoosha mkono mmoja, honi inalia tena: "Mikono mbili! Unapokea ama unanyang'anya?"

Halafu chakula. Hapo ndipo penyewe. Kila mtu chini, mkeka mmoja mrefu, mwenye duka goti kwa goti na mbeba mizigo, na hakuna wa kukuuliza wewe ni wa nani. Nikimwambia huyu mjukuu wangu, anasema, "Shosho, acha zako. Yaani free? Si ungetuma location!" Yeye chakula kinamfuata na pikipiki, anakula ameangalia simu, mgongo kwangu. Mkiwa wanne kwa nyumba, ni hoteli nne.

Sasa, Mama yangu alikuwa anafua nguo kwa Mama Jasi, mmoja wa hao Makalasinga. Jasi ndiye alikuwa rafiki yangu wa kuruka kamba. Mama aliingia kwao kwa mlango wa nyuma, na chai yake alikunywa kwa kikombe cha bati kilichokaa nje, kwa dirisha, karibu na mfereji. Vikombe vingine vilikaa ndani. Mimi niliona ni kawaida. Mfereji uko hapo, kikombe kiko hapo.

Lakini nilitamani Mama akae kwa ule mkeka. Nilimsumbua mwaka mzima. "Mama, twende, kule hakuna mlango wa nyuma." Na yeye, bila kuinua macho kutoka kwa karai: "Nguo zao nazijua. Hayo mengine waachie wenyewe." Nikaomba, nikalia, nikakataa ugali. Siku ya mlingoti ikafika, akatoa leso yake ya Krismasi kwa sanduku, akajifunika. "Haya. Twende tuone hiyo mbingu yako."

Sikutulia hata kidogo. Nilimvuta mkono, nikamwonyesha pa kuacha viatu, nikamwonyesha mikono miwili. Mzee wa kilemba alimwinamia. "Karibu, mama." Kitambaa kipya kikapanda juu, watu wakapiga kelele ya furaha, tukaingia, tukakaa. Mama chini, mimi kando yake, nimeshika pindo la leso asije akasimama.

Na nani anakuja na kapu la chapati, miguu mitupu, akigawia laini yetu? Mama Jasi. Huko ndivyo walivyo, mkubwa ndiye anatumikia. Akafika kwetu. Akainama mpaka kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha Mama. Nilikuwa nimengoja hiyo mwaka mzima. "Pokea chapati, dada," akasema. Nyumbani hakuwahi kumwita dada.

Mama akapokea kwa mikono miwili, vizuri kabisa. Akamwangalia. Halafu akasema neno, si kwa ukali, na laini yote ikaacha kutafuna. Kesho yake hakuenda kufua, wala siku nyingine. Jasi hakuitwa tena kuruka kamba na mimi sikuitwa. Hiyo bendera tulianza kuipita kwa upande wa pili wa barabara. Mpaka leo mwezi wa nne natembea hadi karibu na geti, naiangalia ikipepea, narudi. Mikeka bado iko, nasikia, na yeyote anakaribishwa, na najua ni kweli.

Lakini siku ile Mama alikuwa ameshika chapati, akauliza:

"Asante, Mama Jasi. Na kesho chai nitakunywa na kikombe gani?"