Ngege wa Tangi la Mwisho

Nitajicheka mwenyewe kabla hamjanicheka.

Kazi yangu hapa Nakivale ni kuchunga kome, wale wenye magamba mawili. Daktari Kembabazi anawazalisha kwenye matangi kwa sababu ziwani wanakaribia kuisha. Tangi la mwisho lilikuwa na samaki, ngege wanne. Sikuuliza ni wa nini. Mimi nachunga kome.

Juzi Daktari alinipigia simu kutoka Mbarara: anakuja na wageni. Kwetu Fizi mgeni hatoki bila kula, na nilikuwa na unga peke yake. Nikawaendea wale ngege. Kwenye matamvua walikuwa na vidoa vyeupe. Wagonjwa hawa, nikajisemea, lakini moto unaua kila kitu. Nikawakaanga.

Wageni walikula wakasifu, wakaniachia vichwa, nikachukua kimoja. Daktari akanawa.

"Sasa muone samaki wanaobeba watoto wa kome. Hao watoto wanajishika kwenye matamvua mpaka wakomae, halafu wanaanguka. Byamungu, samaki ziko wapi?"

"Daktari," nikasema, "zilikuwa mu sahani yako."

Alikimbilia tangini, akachota mchanga wa chini, akauweka kwenye darubini. Akainama muda mrefu. Moyoni nilikuwa nimeshafunga virago.

"Karibu wote walishaanguka," akasema mwishowe. "Wako humu, wazima."

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu aniulize. Ndipo akatazama kichwa cha ngege nilichokuwa bado nimekishika, nusu kimeliwa.

"Na wale wachache waliobaki, Byamungu, unawatafuna wewe."