Mikono ya Mama Tausi

Nakumbuka asubuhi moja ambayo ziwa lilikuwa shwari kama maji mtungini, na maboti yakatia nanga mbele ya kituo chetu cha afya yakiwa yamejaa watu waliokimbia vita Burundi. Nitakusimulia asubuhi hiyo, mwanangu, kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia mwenzako kwamba huendi kwenye mafunzo ng'o, kwamba wewe umeshamaliza kusoma, cheti cha uuguzi unacho na sare umevaa. Sikukujibu. Nilikuwa na uchungu, na mtu akijibu kwa uchungu hutema maneno asiyoweza kuyazoa. Leo nimetulia kidogo. Kaa unisikilize.

Wakati huo nilikuwa muuguzi kijana, mzaliwa wa Ujiji. Baba yangu alikuwa mtu wa mjini, mama yangu Muha wa Kasulu, kwa hiyo Kirundi sikukisomea darasani. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Kituo chetu kilikuwa kusini mwa mji, ufukweni kabisa, jirani na mahali wavuvi walipoanika dagaa. Kabla ya wakimbizi tulizoea malaria, wajawazito na majeraha ya wavuvi. Walipoanza kuingia, tukaanza kupokea watoto wenye sura za vikongwe, mbavu zinahesabika, hawana nguvu hata ya kulia.

Aliyetuongoza wauguzi alikuwa Mama Tausi. Nusu ya watoto wa mtaani kwetu aliwapokea kwa mikono yake walipozaliwa, mimi mwenyewe nikiwemo. Nilipoajiriwa, yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mshipa ambao sisi tungeuchokonoa mpaka mtoto achoke kulia, yeye aliupapasa kwa kidole kimoja, huku anazungumza mambo mengine, na sindano ikaingia. Watu walitoka mbali, hata Ilagala, wakimfuata yeye tu. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Mama Tausi hakuitia maji kazi yake. Aliwahi kazini, aliosha mikono, hakumtukana mgonjwa. Tatizo lake lilikuwa jingine, nalo lilikua polepole, mahali pale pale sifa yake ilipokuwa inakua.

Na usidhani alikuwa mtu wa kukataa mapya tangu awali. Tukiwa zamu alipenda kunisimulia ujana wake, jinsi wauguzi wakubwa walivyowanyima maji watoto wenye kuhara wakiamini maji yanazidisha kuhara. Yeye akarudi kutoka kozi akiwa amejifunza kuwapa maji yenye chumvi na sukari. Wodi nzima ilimcheka. Aling'ang'ania mpaka watoto wakapona na waliomcheka wakanyamaza. Mimi nilimpenda kwa hadithi hiyo kuliko kwa jambo lolote jingine.

Basi madaktari waliokuja kwa ajili ya wakimbizi wakaandaa mafunzo mjini, juu ya watoto wenye utapiamlo mkali. Mwaliko ulikuwa wa Mama Tausi. Akanipa mimi, akisema mambo ya watoto aliyasoma kabla sijaota meno.

Niliyoyasikia kule yalinishtua. Tulifundishwa kwamba mtoto aliyekonda kwa njaa, moyo wake nao umekonda. Utaona macho yamezama, utamfinya ngozi ibaki imesimama, nawe utaapa kwamba amekaukiwa maji, kumbe ni nyama ndiyo iliyokwisha. Ukimfungulia dripu kwa kasi, kama unavyomfungulia mtoto mwenye afya aliyeanza kuhara jana, unamzamisha kwa ndani. Maadamu anaweza kumeza, mpe maji yaliyochanganywa kwa ajili yake, kidogo kidogo, kwa kikombe na kijiko. Mweke kifuani kwa mama yake apate joto. Kisha maziwa, nayo kidogo kidogo, mchana na usiku. Dripu ni ya yule aliyezimika kabisa, na hata kwake ni kwa hadhari kubwa.

Niliporudi nilitakiwa kuwaeleza wenzangu kwenye kikao cha asubuhi. Mama Tausi aliniacha nimalize. Kisha akawageukia wengine, akasema kwa upole, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Wakacheka. Akaongeza kwamba hao wageni wanaogopa dripu kwa sababu hawajui kutafuta mshipa. Wakacheka zaidi. Baadaye niliwafuata mmoja mmoja. Wengine walikubali tukiwa wawili, ila mbele yake kila mtu alikuwa bubu.

Sasa asubuhi ile. Katika waliotelemka alikuwepo mama mmoja, Esperansi, amembeba mgongoni mwanawe wa kiume, Kwizera. Mtoto alikuwa na umri wa kukimbia, lakini miguu yake ilikuwa kama vijiti vya kuchokolea moto. Walikuwa wametembea porini muda mrefu kabla ya kupata boti, na njiani akaanza kuhara. Nilimgusa nikamkuta wa baridi. Hata hivyo, nilipomtia kijiko cha maji mdomoni alimeza, na nilipokitoa akakifuata kwa midomo. Nikapata moyo. Mtoto anayefuata kijiko bado anataka kuishi. Nikamwambia mama yake amlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, nikawafunika blanketi, nikaendelea kumpa. Esperansi akaniuliza kama atapona. Nikamwambia akiendelea kumeza namna hii, Mungu akipenda, atapona.

Mama Tausi akaja, akafunua blanketi, akamfinya mtoto ngozi.

"Mtoto amekauka hivi, wewe unamchezea kijiko?"

"Shikamoo, mama. Huyu ni njaa iliyomfanya hivi. Na anakunywa. Moyo wake hautabeba dripu."

"Marahaba. Nani alikufundisha kumshika mtoto?"

"Ni wewe, mama."

"Basi kaa pembeni nikufundishe tena."

Aliupata mshipa mara moja. Mkono wa mtoto ulikuwa umekauka, mwanangu, hata mimi niliyekasirika sikuacha kustaajabu. Esperansi alikuwa anatazama kama mtu anayeona muujiza, akisema murakoze, murakoze, yaani ahsante. Dripu ikafunguliwa ikawa inatiririka. Mama Tausi alipokwenda kwa mgonjwa mwingine nikaipunguza. Aliniona, akarudi, akaifungua tena, akanituma ufukweni nikawapokee waliobaki kwenye maboti. Kabla sijatoka nilimwambia Esperansi kwa Kirundi aniite pumzi ya mtoto ikibadilika.

Nilipopita kuchungulia, mtoto alikuwa amefumbua macho. Mama Tausi akanionesha macho yale kwa kidevu. Na wallahi, mwanangu, wakati ule nilimwomba Mungu anifanye mimi ndiye mjinga. Nilitaka yeye awe na haki na mtoto aishi, wanicheke mpaka wachoke.

Haikuwa hivyo. Esperansi aliniita kwa sauti ya mtu aliyekwisha jua. Nilikuta kope za mtoto zimevimba, anahema mbio, kifuani mnasikika maji. Nilifunga dripu bila kumuuliza mtu. Tukamkalisha. Mama Tausi alifanya yote aliyoyajua, haraka na kwa ustadi, na yote aliyoyajua hayakutosha. Adhuhuri haijaadhiniwa, Kwizera akafa mikononi mwetu.

Mama Tausi alisema kazi ya Mungu haina makosa. Esperansi akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kuhangaika na mwanawe. Nililia. Pengine nililia kwa shukrani hiyo kuliko kwa mtoto. Esperansi aliniona. Mama Tausi alipotoka, akaniuliza kwa Kirundi, taratibu, "Mlikuwa mkibishana nini juu ya mwanangu?"

Mle ndani mimi tu ndiye niliyeelewa swali lile. Ningeweza kusema halikuwa jambo. Nikamwambia ukweli. Hakupiga kelele. Alimtazama mtoto, akamfunga vizuri kwa kitenge, kisha akasema, "Kumbe hapa palikuwa na mtu aliyejua."

Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo. Wapo waliosema ningemwacha azike kwa amani, na siku nyingine huwaza kwamba walisema kweli.

Jioni ile nilikwenda kwa daktari aliyekuwa mfawidhi wa kituo nikamweleza. Akaitisha kikao. Mama Tausi hakukana. Alisema amewawekea dripu watoto wengi na wengi wako hai, jambo ambalo lilikuwa kweli. Daktari akaagiza mtoto yeyote mwenye utapiamlo asitundikiwe dripu bila yeye kuitwa, na akamtaka Mama Tausi aende kwenye mafunzo yatakayofuata. Mama Tausi akasimama, akavua mkanda wa sare, akauweka mezani, akatoka. Hakurudi tena kazini.

Toka hapo nikawa mtoto aliyemuumbua mkunga wake. Nikiingia sokoni Mwanga, wanawake walikatiza mazungumzo. Mama yangu mzazi alikaa muda mrefu hali chakula nilichopika. Kazini walifuata agizo, na watoto waliokuja baadaye wengi walipona kwa kijiko na kifua cha mama. Hakuna aliyesema lolote juu ya hao, maana mtoto ambaye hakufa haonekani. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, tumefundishwa hivyo, ila hatukuambiwa kwamba mara nyingi hula peke yake.

Miaka ikapita. Nikasikia Mama Tausi anaumwa, yuko Gungu kwa binti yake, macho yamepungua nuru. Nikaenda. Nilimwamkia, akaitikia, akanijua kwa sauti. Kisha akasema, "Hukuja kunijulia hali. Umekuja kusikia nikisema ulikuwa na haki. Sitasema."

Nusu yake ilikuwa kweli.

Nilipotaka kuaga, akaniuliza siku hizi watoto wale wanapewa nini. Nikamweleza kwamba wengi hawalazwi tena. Wanaopenda kula na wasio na ugonjwa mwingine hupewa chakula laini cha karanga kwenye pakiti, wakala nyumbani. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akauliza kiasi gani, akauliza vipi anayetapika. Aliuliza vizuri, kama mwanafunzi hodari. Nikawaza huyu ndiye aliyekuwa apande gari kwenda kwenye yale mafunzo.

"Ulinifundisha mbele ya watu," akasema mwishowe.

"Mwaliko ulinipa wewe, mama."

"Nilikupa. Ungeniletea nyumbani."

Alifariki muda si mrefu baadaye. Sijui kama angenisikiliza nyumbani. Labda angenisikiliza, labda angenifukuza. Kwamba huenda mtoto wa watu alikufa kwa sababu ya mahali neno liliposemwa, hilo ndilo linalonichoma, na sijapata dawa yake.

Nami usinione nimenusurika na kiburi hicho. Kabla sijastaafu, kijana wa umri wako alinisahihisha wodini kwa jambo nililokuwa nikilifanya miaka yote, kwa sababu mwongozo ulikuwa umebadilika. Nilitaka kumwambia nani alikufundisha kushika sindano. Nikameza mate, nikamwambia anioneshe. Ilikuwa chungu kama mwarobaini, na hakuna aliyenipongeza.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Elimu ya uuguzi haimalizwi. Inaachwa tu, na anayeiacha hajui siku aliyoiacha, kwa kuwa watu wanaendelea kumsifu. Nenda kwenye hayo mafunzo. Ukirudi, mwenye umri mkubwa kuliko wewe mpelekee ulichojifunza kwake, mkiwa wawili, kwa heshima, hata kama una hakika atakucheka. Akikataa, usinyamaze, maana mgonjwa hana mwingine wa kumsemea. Ila usitegemee kushukuriwa. Na ipo siku utakuwa wewe ndiye mkubwa, mikono yako imesifiwa mpaka umeizoea sifa, na mtoto mdogo atakuja kukuambia mambo ya leo siyo ya jana. Msikilize kabla hujamjibu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwetu sisi anayeumia kwa kutokukubali huko ni aliyelala kitandani.

Nenda salama. Mungu akupe mikono yenye baraka na sikio lisilochoka. Akuepushe na sifa inayoziba masikio, akukutanishe na watu wa kukusahihisha wenye huruma, na watoto watakaopita mikononi mwako wawe wengi, watoke wakitembea.